Bamba Lililokataa Kuvunjika

Bamba lile lilikuwa kazi nzuri, na nataka hilo lieleweke kabla sijaeleza madhara yake. Mzee wa karakana alilikata kutoka kwenye kisu cha buldoza kilichochakaa, akazichonga ncha zote mbili kwa grainda mpaka zikakaa kwenye vikalio vyake bila kucheza, kisha akazipaka grisi kama mama anavyompaka mtoto mafuta. Unene wake ulikuwa sentimita nne. Lilifungwa kwenye kresha ya taya, mashine ya kuvunja mawe, ya machimbo ya kokoto upande wa Lugoba, mkoani Pwani, mvua za masika zikiwa zimekolea, likafanya kazi wiki tano bila shida. Siku lilipopata mtihani wa kweli, lenyewe lilitoka zima. Kilichovunjika ni mashine.

Niliitwa siku ya tatu baada ya tukio. Malori yalikuwa yamepanga mstari kando ya njia ya kuingilia, madereva wamelala chini yake kivulini. Mwenye machimbo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mtambo kama mfiwa. Hata salamu hazijaisha akaniuliza: "Injinia, nieleze kitu kimoja tu. Breka ya umeme ilikuwa nzima. Kwa nini haikukata?"

Nilimwomba asubiri. Swali lake lilikuwa la msingi kuliko alivyodhani, na kulijibu kunahitaji kwanza kuielewa mashine.

Mtu anayevunja kokoto kwa mkono, kama akina mama wa Kunduchi jijini Dar es Salaam walivyofanya miaka mingi, hulaza jiwe juu ya jiwe kubwa zaidi na kuligonga kwa nyundo. Wengine hulizungushia pete ya mpira wa tairi ili vipande visiruke machoni. Kresha ya taya haigongi, inabana. Ndani yake mna mabamba mawili mazito yaliyosimama kama herufi V. Moja limefungwa kwenye fremu na halisogei, la pili linakwenda na kurudi. Jiwe linaingia kwa juu penye upana, taya inalibana, linapasuka. Taya ikirudi nyuma, vipande vinateremka kidogo na kukwama tena penye wembamba, vinabanwa tena, hivyo hivyo mpaka vitokee kwenye mwanya wa chini. Ile ya Lugoba ilikuwa na mdomo wa milimita 600 kwa 900, saizi iliyozoeleka sana machimboni kwetu, ikiendeshwa na mota ya kilowati 75. Shafti yake ilizunguka kama mara 250 kwa dakika, yaani inabana mara nne kila sekunde.

Jiwe la pale ni gumu. Ni nisi, jiwe lililopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini, la ule ukanda mkongwe ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji. Lakini hata jiwe gumu lina udhaifu wake. Linavumilia sana kubanwa ila halivumilii kuvutwa. Uwezo wake wa kuhimili mvuto mara nyingi ni sehemu ya kumi tu ya ule wa kuhimili mgandamizo, au pungufu. Ukilikaba kati ya ncha mbili zinazotazamana, ndani yake unazaliwa mvuto wa kulitenganisha kuelekea kando, na ufa unaanzia humo. Ndiyo sababu mabamba ya taya yana matuta ya wima, na tuta la upande huu hutazamana na bonde la upande ule, ili jiwe likunjwe kama mtu anavyokunja kijiti juu ya goti. Wazo hili lina umri. Eli Whitney Blake wa New Haven, Marekani, alipata hataza ya mashine ya taya mwaka 1858, na kresha zinazouzwa leo bado zinafuata kanuni yake.

Sasa zunguka nyuma ya mashine, mahali ambapo wageni hawafiki. Taya inayotembea imening'inizwa juu kwenye shafti ya eksentriki, ile ambayo sehemu yake ya kati imesogezwa nje ya mhimili ili ikizunguka isukume. Chini, mgongo wa taya unaegemea bamba fupi, na ncha ya pili ya bamba hilo inaegemea boriti ya nyuma ya fremu. Mafundi huliita togo pleti. Halina bolti hata moja. Linashikwa na mgandamizo wenyewe, pamoja na fimbo yenye springi inayoivuta taya nyuma ili bamba lisidondoke taya inapoachia.

Bamba hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuongoza mwendo wa sehemu ya chini ya taya. Ya pili ni kuvunjika. Kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho ni kikavu, hakipindi, kikizidiwa kinakatika ghafla. Wengine hulitoboa matundu au kulipunguza unene katikati kwa makusudi. Kikiingia kitu kisichosagika, bamba linakatika, taya inabaki inaning'inia bila nguvu, na mashine nzima imeokoka kwa gharama ya kipande kimoja cha bei ndogo. Ni fyuzi. Aliyekulia kwenye nyumba yenye fyuzi za zamani anaijua hadithi: inaungua mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha mtu anachoka na kuweka waya wa shaba.

Pale Lugoba bamba lilikatika mara tatu ndani ya miezi miwili. Kila lilipokatika, kazi ilisimama siku nzima au zaidi kwa sababu spea ilifuatwa Dar es Salaam. Mwenye machimbo alikuwa na mkataba wa kupeleka kokoto kwenye ujenzi wa barabara, na wapakiaji wanalipwa kwa tripu, hivyo mashine isipotembea hawapati kitu. Maneno yalianza: spea siku hizi feki, hizi za kutupwa tu. Ni kweli spea feki zipo, na ni tatizo kubwa. Lakini neno hilo lilifunga mjadala mapema mno. Msimamizi akamwambia mzee wa karakana, "Mzee wangu, tutengenezee kitu kisichovunjika." Naye akatengeneza.

Nilipomwamkia na kukaa naye chini ya mwembe, alisema jambo ambalo sijalisahau. "Mwanangu, mimi nimefanya kazi hii tangu ujana wangu, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia kile chuma kimewekwa kivunjike. Mimi naletewa kitu kilichovunjika nikiimarishe. Hiyo ndiyo kazi ya fundi." Alikuwa sahihi kabisa. Mashine iliuzwa na kitabu cha maelekezo, kitabu kikafungiwa kabatini ofisini, tena kwa lugha ambayo karakana haiisomi. Kosa la kwanza la kisa hiki nililikuta humo kabatini.

Nikaomba vipande vya mabamba yaliyovunjika. La kwanza lilikwishauzwa chuma chakavu. Mawili yaliyobaki yalikuwa chini ya benchi, yamefunikwa na magunia.

Bamba la pili lilikuwa na uso wa mvunjiko wa kijivu, wenye chembechembe, rangi ile ile kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ni mvunjiko wa mara moja: nguvu ilizidi, chuma kikakatika palepale. La tatu lilisema habari tofauti. Karibu nusu ya uso wake ilikuwa nyeusi, grisi imepenya na kutu imekomaa, nusu iliyobaki bado inang'aa. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, ukaendelea kutambaa kidogo kidogo, na siku ya mwisho ilikuwa ya kumalizia tu. Tena ncha zake zilikuwa zimelika upande mmoja kuliko mwingine. Nikaenda kupima vikalio kwenye mashine. Kimoja kilikuwa kimechakaa kwa mshazari, na springi ya fimbo ilikuwa imelegea kiasi kwamba ungeweza kuizungusha kwa mkono. Bamba lilikuwa likigongwa kila taya inaporudi, mara nne kwa sekunde, kutwa nzima. Fyuzi yoyote ingechoka.

Nilirudi kwa la pili. Nguvu iliyolikata ilitoka wapi? Chini ya koo la kresha palikuwa na jibu lililoganda: bonge la unga wa mawe na udongo, gumu kama tofali, limeng'ang'ania matuta ya taya kwenye sehemu ya mwisho kabla ya mwanya. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo waendeshaji wengi hawaliamini mpaka waone. Mawe makubwa yana nafasi kati yake. Yakibanwa, yanapasuka na vipande vinakimbilia kwenye nafasi hizo. Unga ulioloa hauna nafasi. Ukishajaa na kushindiliwa, taya inakuwa kama inabana chuma kitupu. Waendeshaji wanatazama mdomoni, wanaona hakuna jiwe kubwa, wanadhani mashine iko mapumzikoni, kumbe ndio wakati inapoumia kuliko wakati wote.

Unga huo ulitoka sehemu tatu. Mvua ilikuwa inaloanisha udongo wa juu, na eskaveta ilikuwa inauzoa pamoja na mawe. Nondo za fida, mtambo unaoilisha kresha mawe, zile zinazopaswa kuchuja udongo upite pembeni kabla ya kufika kwenye taya, zilikuwa zimezibwa na matope, hazichuji kitu. Na bomba la maji la kuzuia vumbi lilikuwa limefungwa juu ya hopa, lile sanduku la kupokelea mawe, likimwagia shehena yote. Kuhusu maji nilikuwa mwangalifu sana katika ushauri wangu. Vumbi la nisi lina silika nyingi, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Inaleta makovu ya silikosisi na kuwafungulia mlango wadudu wa kifua kikuu. Vijana wawili niliowaona pale kwenye chekeche walikuwa wamejifunga fulana puani basi. Nisingekubali maji yafungwe. Niliomba bomba lihamishwe tu, linyunyize kwa ukungu mwembamba pale mawe yanapotoka kwenye taya na pale mkanda unapomwaga, maana vumbi linazaliwa hapo.

Kisha nikapima mwanya. Kibati kwenye fremu kilisema usipunguzwe chini ya milimita 65. Mimi nilipata 45.

Nani aliupunguza? Kila mtu alimtazama mwenzake, mpaka mwendeshaji wa kresha ya koni akasema ukweli. Kokoto inayotakiwa sana ni ya robo tatu na ya nusu inchi, na hiyo hutengenezwa na kresha ya pili, ya koni, ambayo kofia yake inayumba ndani ya bakuli na kusaga mawe yaliyotoka kwenye taya. Kofia na bakuli vilikuwa vimelika. Chuma chake ni cha manganizi, kile alichokigundua Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, na ambacho kina tabia ya kipekee: kadiri mawe yanavyokipiga ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Lakini hata hicho kina mwisho. Koni ilipoanza kushindwa, wakaiomba taya isage ndogo zaidi ili kuisaidia. Mzigo wa mashine ya pili ukahamishiwa kwenye mashine ya kwanza, kimyakimya, kwa kukaza kabari ya nyuma. Hakuna aliyeandika. Daftari la pale lilihesabu tripu tu.

Kuhusu bamba la kwanza, lile lililouzwa, mwendeshaji alikumbuka kuokota kipande cha biti ya drili chini ya mkanda siku ile. Kwa hiyo fyuzi ilikuwa imekatika mara tatu kwa sababu tatu: chuma kilichoingia na mawe, koo lililoshindiliwa huku mwanya umebanwa kupita kiasi, na kikalio kilichochakaa. Wao waliona jambo moja limejirudia mara tatu. Ndiyo maana dawa moja, bamba nene, ilionekana inatosha. Na tazama ilivyowadanganya: katika wiki zile tano sababu mbili kati ya tatu ziliendelea kila siku, ila sasa hapakuwa na kitu cha kuzitangaza. Nguvu iliyokuwa ikikata bamba iliendelea kupita, ikaingia kwenye beringi, kwenye shafti na kwenye mgongo wa taya.

Tukio lenyewe lilitokea asubuhi, kama saa nne. Jino moja la baketi ya eskaveta lilichomoka, likaingia hopani na mawe, likateremka kooni. Sumaku ilikuwepo, lakini ilining'inizwa juu ya mkanda kati ya taya na koni, kuilinda koni. Kabla ya taya hapakuwa na kinga isipokuwa macho ya mwendeshaji na bamba la nyuma. Walioshuhudia walisikia mlio mmoja tu. Magurudumu mawili mazito ya pembeni, zile flaiwili, yalisimama bila kumaliza hata mzunguko mmoja. Mgongo wa taya ulipasuka kuanzia kwenye kikalio cha bamba kwenda juu, urefu wa mkono wa mtu mzima. Beringi ya upande wa puli ilisambaratika. Shafti ilipinda.

Hapo sasa nikaweza kumjibu mwenye machimbo. Flaiwili zimewekwa kwa sababu taya inafanya kazi nusu ya mzunguko tu. Inapoachia, mota inazijaza nguvu magurudumu hayo. Inapobana, magurudumu yanaikopesha taya nguvu hiyo. Bila hivyo mota ya kilowati 75 isingeweza kulipasua jiwe la nusu mita. Jino lilipokwama, nguvu yote iliyokuwa imehifadhiwa kwenye chuma kinachozunguka ilitafuta pa kwenda ndani ya sehemu ya kumi hivi ya sekunde. Breka ya umeme inazuia nguvu inayokuja kutoka kwenye waya. Nguvu iliyokwishaingia kwenye gurudumu haiwezi kuirudisha. Kitu pekee kwenye mashine nzima chenye uwezo wa kukata nguvu hiyo kwa wakati ni lile bamba, na lilikuwa limebadilishwa na kisu cha buldoza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza bei ya shafti.

Kuna jambo jingine la siku ile ambalo halikuwa kwenye swali lake, nami sikutaka lipite. Mashine ilipokwama, kijana mmoja alichukua mtaimbo na kupanda hopani ili alichokonoe lile jino. Mguu mmoja ulishaingia kooni msimamizi alipomvuta kwa mkanda wa suruali. Kresha iliyokwama huonekana imekufa, na huo ndio uongo wake. Jino lilikuwa limekabwa kwa mgandamizo mkubwa, na chuma kilichokabwa hivyo kikiachia kinaruka kama risasi. Taya nayo, kikwazo kikiondoka, inaweza kusogea kwa uzito wake na kulizungusha gurudumu. Mguu wa mtu ni laini kuliko jiwe lolote. Nilimwomba kila mmoja pale anirudie kwa maneno yake hatua za kuzibua: swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayekwenda kuzibua, magurudumu yafungwe kwa kabari, na kilichokwama kivutwe kwa mnyororo kutoka juu, watu wote wakiwa mbali. Kijana yule alirudia vizuri kuliko wote.

Matengenezo yalichukua wiki saba, nyingi zikiwa za kusubiri shafti na taya kutoka China. Wakati huo koni ilivalishwa kofia na bakuli jipya, ili isiombe tena msaada. Vikalio vya bamba vilibadilishwa vyote viwili. Nondo za fida zilipanuliwa kidogo, na ikakubaliwa kwamba nyakati za mvua zisafishwe kila zamu, kazi inayochosha ambayo najua itakuwa ya kwanza kusahauliwa. Mwendeshaji wa eskaveta alipewa jukumu la kuhesabu meno ya baketi asubuhi, mchana na jioni; likikosekana moja, hopa haipokei mzigo mpaka lipatikane. Mabamba matatu ya chuma cha kusubu yalinunuliwa kwa pamoja na kuwekwa karakana, maana kilichowasukuma kwenye kisu cha buldoza tangu mwanzo kilikuwa safari ya Dar es Salaam.

Mwanya ulirudishwa milimita 65. Hilo ndilo lililobishaniwa zaidi. Msimamizi aliamini mwanya mpana ni kokoto chache. Ilibidi asimame mwenyewe kando ya mkanda siku ya kwanza aone mawe yanavyomiminika kutoka kwenye taya iliyopewa nafasi ya kupumua, huku koni yenye meno mapya ikiyapokea bila kulalamika.

Lile bamba la kisu cha buldoza halikutupwa. Mzee alilitengenezea miguu, sasa ni fuawe ya kunyooshea nondo.

Mwezi wa pili baada ya mashine kurudi kazini, bamba jipya lilikatika. Mzee alinipigia simu jioni, sauti yake haina wasiwasi. Walikuta kipande cha nondo ya fida kimechomoka na kuingia kooni; walifunga swichi, wakakivuta, wakaweka bamba jingine, na saa tatu baadaye mashine ilikuwa inatembea. Vipande vya lililovunjika alivipanga kwenye rafu juu ya benchi, akaandika kwa chaki tarehe, saa, na kilichokutwa kooni. Chini yake alikuwa ameacha nafasi ya mabamba mengine.